Agizo la mtu mmoja, kazi ya nyumba nzima: familia na huduma za usaidizi katika afya ya mtu binafsi

Mtu anayepimwa na kukutwa na shinikizo la juu la damu hutoka kliniki na vitu viwili: vidonge na agizo la kupunguza chumvi. Vidonge ni vyake, atavimeza mwenyewe. Agizo la chumvi limeandikwa katika daftari lenye jina lake, lakini mtekelezaji wake ni yule asimamaye jikoni, ambaye huenda hakuwapo siku ya kliniki, hakusikia maelezo yoyote, na ana watu wengine watano wanaokula kutoka sufuria hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho hakijazi kijiko cha chai. Sufuria haijui hesabu ya mtu mmoja mmoja.

Yanayofuata hayana daktari ndani yake. Mpishi akipunguza chumvi, manung'uniko huanza mezani. Akimpikia mgonjwa peke yake, kazi inaongezeka, na mgonjwa anajikuta ametengwa kwa chungu chake, jambo ambalo wengi hulichukia kuliko presha yenyewe. Mara nyingi mgonjwa ndiye anayemaliza mjadala: "Weka tu, nitakula kidogo." Mwezi ukiisha anarudi kliniki, kipimo kiko palepale, naye anaulizwa kwa nini hafuati masharti. Huinamisha kichwa na kunyamaza, kwa sababu jibu la kweli ni refu na muda aliopewa ni mfupi.

Hapo ndipo penye fundo ambalo makala hii inajaribu kulifungua. Tunazungumzia matunzo ya afya kana kwamba ni jambo la mtu na mwili wake, na kwa upande wa faili ndivyo yalivyo, maana kila faili lina jina moja. Kwa upande wa utekelezaji, karibu kila sharti hupita katika mikono ya watu ambao majina yao hayamo humo: mwenye fedha, mpishi, anayeweza kuruhusu safari, anayeweza kukaa na watoto, anayejua siri na asiyepaswa kuijua. Mpangilio wa mikono hiyo, pamoja na mazoea ya kusema na kutosema yanayoambatana nao, ndio ninaouita hapa utamaduni wa familia. Sizungumzii mavazi wala ngoma. Nyumba mbili zinazopakana ukuta, zenye lugha moja na dini moja, zinaweza kutofautiana kabisa katika suala la nani husema kwanza kwamba fulani anaumwa, na maneno yake yanachukuliwaje.

Inafaa kuanzia mwanzo kabisa, kabla hata mtu hajaitwa mgonjwa. Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Marekani aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alikadiria mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kati ya asilimia 70 na 90 ya matukio ya ugonjwa humalizikia nyumbani na miongoni mwa jirani na marafiki, bila kumfikia mtaalamu yeyote. Nyumbani ndiko dalili hupewa jina, hulinganishwa na ya shangazi aliyewahi kuumwa hivyo, huwekewa muda wa kusubiri na hutibiwa kwa kilichopo. Wanaofika kliniki ni wachache waliovuka chujio hilo. Mhudumu wa afya anayedhani kwamba ndiye wa kwanza kumsikiliza mgonjwa kwa kawaida ni wa nne au wa tano, na waliomtangulia wote wamekwisha kutoa maoni yao.

Kinachomfanya mtu avuke chujio hilo si lazima kiwe maumivu. Mwanasosholojia Irving Zola, katika utafiti alioutoa mwaka 1973, aliona kwamba watu huenda kwa daktari pale dalili inapogusa mahusiano yao au kazi yao, pale mgogoro unapotokea nyumbani, pale wanapofikia siku ya mwisho waliyojiwekea ("nikifika Jumatatu bado iko, nitaenda"), au pale mtu mwingine anapowaambia waende. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Katika nyumba nyingi mtu mzima, na hasa yule ambaye wengine wote wanamtegemea, hajipi mwenyewe ruhusa ya kuumwa; hupewa na wengine. Mwenye homa kali hupewa upesi kwa sababu kila mtu anaiona. Mwenye presha haombewi ruhusa na yeyote, kwa kuwa haumwi popote, na ndiyo maana haishangazi kwamba kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, kati ya watu wazima bilioni 1.28 wenye shinikizo la juu la damu duniani, takribani asilimia 46 hawakujua kama wanalo.

Sasa tuingie katika sehemu yenye mkanganyiko mkubwa zaidi, nayo ni lawama. Mgonjwa anapofika akiwa amechelewa, maelezo yaliyo tayari ni kwamba "utamaduni" ndio uliomchelewesha. Neno hilo limegeuka kapu la kutupia kila kushindwa. Kuna njia bora ya kuangalia jambo hili, iliyopendekezwa mwaka 1994 na Sereen Thaddeus na Deborah Maine walipokuwa wakichunguza vifo vya wajawazito. Walitenganisha ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta huduma, wa kufika mahali penye huduma, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpangilio huo hunukuliwa mara nyingi, lakini sehemu yake yenye maana zaidi husahauliwa: aina hizo tatu hazisimami kila moja peke yake. Ya pili na ya tatu huingia ndani ya ya kwanza.

Chukua familia inayokaa usiku kuamua kama mama mjamzito mwenye kutokwa damu apelekwe hospitali sasa au asubiri kupambazuke. Kwa anayetazama kutoka nje, hao ni watu wanaojadiliana huku wakati ukipita, na mjadala wenyewe unaonekana kuwa ndio tatizo. Lakini sikiliza kinachosemwa humo. Mmoja anakumbusha kwamba safari iliyopita walifika wakaambiwa vifaa havipo. Mwingine anauliza gari litalipwa na nani, na kama litakubali kusubiri. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mwanamke aliyewahi kujifungulia huko, hasemi neno, ila uso wake unaonyesha anavyokumbuka alivyofokewa. Huo si ushirikina wala ukaidi. Ni kumbukumbu ya huduma, iliyohifadhiwa na nyumba na kutolewa wakati wa kuamua. Ukiirekebisha huduma, kumbukumbu hubadilika, ingawa kwa taratibu, na uamuzi nao hubadilika bila mtu yeyote kuhudhuria semina ya kubadili mila. Sisemi kwamba mila hazina uzito wake. Zipo nyumba ambazo mwanamke hawezi kutoka mpaka mume arudi, hata kama hospitali iko ng'ambo ya barabara. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuulaumu utamaduni wa familia, mtoa huduma angejiuliza kwanza ni sehemu gani ya utamaduni huo aliifundisha yeye mwenyewe.

Jambo la pili linalobishaniwa sana ni nani anapaswa kuambiwa. Maadili ya kitabibu yaliyoenea katika miongo ya karibuni yanamweka mgonjwa katikati: mwili ni wake, taarifa ni yake, uamuzi ni wake. Familia nyingi huliona hilo kuwa ukatili, hasa pale ugonjwa unapokuwa hauponi. Kwao, kumpa mtu habari hiyo mkononi na kumwacha nayo ni kumtupa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1995 uliwahoji watu 800 wenye umri wa miaka 65 au zaidi mjini Los Angeles. Kati ya wenye asili ya Kikorea, asilimia 47 waliona mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyosambaa. Kati ya wenye asili ya Meksiko, asilimia 65. Kati ya wenye asili ya Ulaya, asilimia 87, na kati ya Wamarekani weusi, asilimia 88.

Takwimu hizo mara nyingi husomwa vibaya. Msomaji wa haraka huona makundi, akahitimisha kwamba watu wa asili fulani hawataki kuambiwa ukweli. Msomaji makini huona kwamba karibu nusu ya kundi hilohilo walitaka mgonjwa aambiwe, na kwamba hata katika kundi lenye asilimia 88 wapo zaidi ya mmoja kati ya kumi ambao hawakutaka. Asili ya mtu haikuambii anachotaka yeye. Kwa hiyo njia inayofaa ni rahisi kuliko nadharia zote: kumuuliza mgonjwa mapema, kabla majibu ya vipimo hayajarudi, angependa kujua kiasi gani, na angependa nani awepo au aambiwe kwa niaba yake. Anayesema "mwambieni mwanangu mkubwa, yeye ataniambia" ametumia uhuru wake kikamilifu. Tatizo hutokea pale mwana mkubwa anaposema hivyo, na mzee mwenyewe hajaulizwa.

Hapa niongeze jambo moja kwa kupita. Mtoto anayejua kusoma, au anayejua lugha ya hospitali kuliko wazazi wake, hugeuzwa mkalimani wa magonjwa ya wazazi. Kwa nje huonekana kama msaada mzuri wa familia. Kwa ndani, msichana wa miaka 12 analazimika kumuuliza mama yake maswali ambayo wote wawili wanaona aibu kuyatamka, naye huyakata, huyalainisha, au huyajibu mwenyewe.

Je, familia inaponya au inaumiza? Swali likiulizwa hivyo halina jibu, kwa sababu majibu yote mawili yana ushahidi. Kwa upande mmoja, mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumuisha tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano hafifu. Kwa upande mwingine kuna hadithi ya wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, ambayo inastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo.

Mjini London, katika miaka ya 1950, George Brown na wenzake walifuatilia wanaume walioruhusiwa kutoka hospitali za magonjwa ya akili. Matarajio ya kawaida yangekuwa kwamba wanaorudi kwa wazazi au kwa wake zao wangefanya vizuri kuliko wanaokwenda kupanga vyumba. Ikawa kinyume: waliorudi kwa wazazi au wake zao walirudi hospitali mara nyingi zaidi. Ilichukua miaka kuelewa kwa nini. Tafiti zilizofuata, ikiwamo ya Christine Vaughn na Julian Leff ya mwaka 1976, zilionyesha kwamba kinachotabiri kurudi kwa ugonjwa ni hali ya hewa ya nyumba: lawama za mara kwa mara, uhasama, na jambo la tatu ambalo wengi hawakulitegemea, yaani kujiingiza kupita kiasi. Hilo la tatu ni upendo wenyewe. Ni mama anayemlisha kijana wa miaka 25, anayelala mlangoni pake, anayemjibia kila swali, na ambaye hajatoka nyumbani mwaka mzima kwa hofu ya kumwacha.

Matokeo haya hayasemi kwamba familia ndiyo inayoleta skizofrenia. Madai ya namna hiyo yaliwahi kuenezwa na yakawatesa wazazi bure. Yanasema kwamba watu waliochoka, wasioelewa ugonjwa wanaoushughulikia, huanza kuona uvivu mahali penye dalili. Mgonjwa anayekaa kitandani mpaka saa saba mchana anaitwa mzembe, kumbe kukosa msukumo ni sehemu ya ugonjwa wake. Familia zilipopewa elimu ya ugonjwa huo, zikafundishwa namna ya kuzungumza na kutatua matatizo bila kukaripia, na zikapewa mahali pa kukutana na familia nyingine, kurudi kwa ugonjwa kulipungua. Watu ni walewale, na nyumba ni ileile. Kilichoongezwa ni huduma ya usaidizi iliyolenga mahali hasa ambapo familia ilikuwa ikielemewa.

Mfano huo ndio unaonifanya niwe na msimamo kuhusu huduma za usaidizi kwa ujumla, nikimaanisha ushauri nasaha, wahudumu wa afya ya jamii, vikundi vya wagonjwa, ustawi wa jamii, tiba shufaa ya nyumbani (ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi) na kadhalika. Huwa tunazijadili kana kwamba kazi yake ni kujaza pengo la wasio na familia, au kuchukua nafasi ya familia zilizoshindwa. Nionavyo, huduma hufanya kazi vizuri inapoichukulia familia kile inachokifanya vibaya, na kuiachia kile inachokifanya vizuri. Familia ni hodari wa kuwepo: kuamka usiku, kugundua kwamba mtu amepungua sauti, kukumbuka. Si hodari wa kutunza siri ndani ya nyumba ndogo, si hodari wa kusimamia bila kugombana, na kwa kawaida haina maarifa ya ugonjwa mahususi.

Ufuasi wa dawa unaonyesha jambo hili waziwazi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, ufuasi wa matibabu ya muda mrefu ni wastani wa asilimia 50 tu. Kwa kifua kikuu, ambacho matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6, jibu lililoenezwa tangu miaka ya 1990 ni mgonjwa kuwa na mtu wa kumshuhudia akimeza dawa. Kwenye karatasi, ndugu wa nyumba moja ndiye msimamizi anayefaa kuliko wote, kwani yuko karibu na halipwi. Nyumbani, hata hivyo, kijana anayetakiwa kumsimamia baba yake hawezi kumwambia "fungua mdomo nione." Atatia tiki kwenye kadi na kugeuka. Jirani au mhudumu wa jamii, asiye na deni la heshima la namna hiyo, anaweza.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 2008, mkoani Tete nchini Msumbiji, ambako umbali na foleni viliwafanya watu wenye virusi vya UKIMWI waache dawa, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuwaunga mkono wagonjwa waliokuwa wameimarika ili wajipange katika vikundi vya hadi watu sita. Kila mwezi mmoja wao alikwenda kituoni, akapimwa yeye, akachukua dawa za wote, akarudi kuzigawa. Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya mwingine. Ukiutazama mpango huo, ni undugu uliotengenezwa: watu wanaojuana siri moja, wanaohesabiana vidonge, ambao mmoja asipotokea wengine huenda kumwangalia. Una yale mazuri ya familia, bila baba wala mkwe. Harare nako, tangu mwaka 2006, bibi wa mtaani waliopewa mafunzo hukaa kwenye benchi nje ya kliniki kuwasikiliza watu wenye sonona na wasiwasi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba dalili za waliohudumiwa zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Mtu huweza kumwambia bibi asiye wake kile ambacho bibi yake mwenyewe angekipeleka mezani.

Kuwapo kwa huduma, hata hivyo, hakumaanishi kwamba inawafikia wanaoihitaji. Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba upatikanaji wa huduma nzuri za tiba huelekea kwenda kinyume na mahitaji ya watu, na kanuni hiyo inazihusu huduma za usaidizi labda kuliko tiba yenyewe. Kikundi cha wanaouguza kinachokutana saa nne asubuhi siku ya kazi huhudhuriwa na mwenye mtu wa kumwachia mgonjwa, yaani aliyekwisha kusaidiwa. Fomu yenye nafasi moja ya "ndugu wa karibu" humfaa mwenye ndugu mmoja anayeeleweka. Asiyefika huandikwa mtoro.

Mwenye kuuguza anastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa yeye ndiye husahauliwa zaidi. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanaomtazama mke anayemhudumia mumewe aliyepooza kwa mwaka wa nne huuona mwepesi hivyohivyo. Utafiti wa Richard Schulz na Scott Beach, uliochapishwa mwaka 1999, uliwafuatilia kwa takribani miaka minne watu wenye umri wa miaka 66 hadi 96 wanaoishi na wenzi wao. Waliokuwa wakiuguza wenzi wao huku wakijisikia kuelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Lakini waliokuwa wakiuguza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko la maana la hatari hiyo. Kinachoua si kuuguza, ni kuuguza bila kupokewa. Siku mbili za kupumzishwa kwa mwezi, mtu wa kufundisha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo, na swali moja la "wewe unalalaje?" ni matibabu, ingawa hakuna daftari la kliniki lenye safu ya kuyaandika.

Limebaki suala la nyumba ambayo yenyewe ndiyo hatari. Yote yaliyosemwa juu ya kuishirikisha familia yana mpaka hapa, na mpaka huo hauonekani kwa macho. Anayepigwa, anayetumia uzazi wa mpango bila mwenzi wake kujua, kijana anayetaka kupima virusi vya UKIMWI, wote hao hufika kliniki wakiwa wamesindikizwa na mtu mwenye adabu anayejibu maswali vizuri. Mhudumu akimwambia msindikizaji wa mgonjwa huyu mmoja tu asubiri nje, amekwisha kumweka wazi, na atakayeulizwa maswali njiani kurudi nyumbani ni mgonjwa. Ndiyo maana vituo vinavyofanya kazi hii kwa uangalifu humwona kila mgonjwa peke yake kwa dakika chache, katika kila hudhurio, awe anaonekana kuhitaji faragha au la, kisha ndipo humwita aliyekuja naye.